Saa ya Kocha

Kocha alinipa saa yake ya kuhesabia mbio tukiwa Ngaramtoni, kabla hakujapambazuka, akanifundisha vifungo vyake kwa mwanga wa simu. Cha kulia kinaanzisha. Cha kushoto kinanasa muda wa kila anayefika. "Cha kati usikiguse kabisa," alisema. "Wewe na kushoto tu." Akawageukia watu wake tisa, wanaume wanane na mwanamke mmoja, waliokuwa wakirukaruka kando ya lami kama waliokanyaga siafu. Akahesabu mpaka tatu, nami nikabonyeza cha kulia, na kundi likamezwa na giza kuelekea Namanga.

Baada ya dakika chache tuliwapita kwa pikapu. Taa ziliwamulika migongo, na kila mgongo ulikuwa na historia yake: fulana ya Kilimanjaro Marathon iliyopauka, fulana ya Mumbai, moja ya mji wa China ambao herufi zake dereva aliniomba nimsomee kana kwamba ningeweza. Kocha alibaki nyuma yao kwa bodaboda. Wawili kati yao walikuwa na saa za setilaiti mkononi, lakini kocha hazipendi. Anadai zinampa mtu kilomita ambazo hakuzikimbia.

Ukitoka Arusha kwa barabara hii ya Nairobi, kijani hukusindikiza hadi Olmotonyi. Sakina ni kelele za vifodi, Ngaramtoni ni mahindi na migomba, na Olmotonyi miti ya kupandwa imesimama kwa mistari kama gwaride. Kisha, bila kuaga, mvua inakoma. Sisemei mawingu ya siku ile, nasemea mvua ya mwaka mzima. Mlima Meru, wenye mita 4,566, huikamata mvua itokayo upande wa bahari ukaimwaga Tengeru na Usa River, halafu upande huu wa kaskazini-magharibi unawaachia watu upepo na vumbi. Migomba haipo tena. Badala yake kuna migunga, makorongo yaliyochimbwa na maji ya siku mbili tatu za masika, na ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika. Dereva alipandisha kioo bila kuniuliza.

Oldonyo Sambu iko kama kilomita 30 kutoka mjini, na wasafiri wengi wa Noah za Namanga huipita wakiwa wamelala. Senta yake ni maduka yaliyopangana pande mbili za lami, bodaboda wakingoja abiria chini ya mti, na nyuma ya hapo maboma yaliyotawanyika hadi miguuni mwa mlima. Tulifika jua likichungulia. Meru kutoka huku si ule mlima wa kwenye kalenda. Mjini unauona umevaa msitu hadi kiunoni. Huku unaonekana mkavu, umepigwa mistari ya majivu na mawe, kama mzee aliyevua shati bila kujali nani anatazama.

Niliingia kwenye kibanda cha chai. "Takwenya, yeyo," nilimsalimu mama mwenye kibanda. "Iko," aliitikia, akaendelea kwa Kiswahili ili nisijiaibishe zaidi. Punda wanne walipita mlangoni, kila mmoja na madumu manne ya lita 20, wakiongozwa na msichana wa miaka kumi hivi. Nilimuuliza mama chai yangu imepikwa kwa maji gani.

"Ya tangi, ya mvua. Usiogope, mwanangu," alisema, akacheka. Meno yake ya mbele yalikuwa na rangi ya kahawia, kama ya watu wengi wa rika lake upande huu.

Mgeni hudhani ni tumbaku au uchafu. Ni maji. Miamba ya volkano ya Meru ina madini ya floraidi kwa wingi, na maji yanayopita ndani yake huyabeba hadi kwenye visima na vijito vya huku. Shirika la Afya Duniani linasema lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi. Kwenye miteremko hii vyanzo vingi hupita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto anayeyanywa tangu kuzaliwa huota meno ya kahawia. Akinywa mengi na kwa miaka mingi madini yale huingia hata kwenye mifupa, na wapo waliokua na miguu iliyopinda kiasi cha kushindwa kubana magoti. Upande wa pili wa mlima, pale Ngurdoto, kuna kituo cha serikali ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa iliyochomwa inakunywa madini ili mifupa ya watu isiyanywe. Nimewahi kusoma mashairi yenye kinaya kidogo kuliko hicho.

Nilikuja kuandika habari za miguu inayoshinda duniani, na kitu cha kwanza nilichokuta ni maji yanayoharibu miguu. Kwa hiyo kocha hubeba maji ya wanariadha wake kutoka mjini, madumu mawili nyuma ya pikapu, na mwanariadha haruhusiwi kunywa kitu kingine hadi arudi. Mama wa kibanda aliyatazama madumu hayo kwa namna ambayo sikuipenda, maana hakukuwa na jibu la kumpa.

Nilipokuwa nangoja nikaanza kuhesabu kimoyomoyo Watanzania waliokimbia wakafika mbali. Filbert Bayi wa Karatu, aliyeondoka mbele tangu mlio wa bastola pale Christchurch, Februari 1974, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:32.16, John Walker akimkimbiza nyuma. Juma Ikangaa, wa pili Boston mwaka 1988 kwa tofauti ya sekunde moja, wa pili tena 1989, wa pili tena 1990. Katikati ya hapo, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2:08:01, lakini Watanzania wa rika langu bado wanaikumbuka zaidi ile sekunde moja. Gabriel Geay, wa pili Boston 2023 huku Eliud Kipchoge akimaliza wa sita. Alphonce Simbu, wa pili Boston 2025. Ukiwapanga hivyo unaweza kudhani nchi hii ina mkataba na nafasi ya pili katika mji ule. Na kabla mtu hajanikumbusha: Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, siku ambayo Tigst Assefa wa Ethiopia aliipasua rekodi ya dunia ya wanawake, hivyo magazeti yakabakiza mstari mmoja tu kwa Mtanzania.

Wa kwanza alitokea kwenye mwinuko kama nukta, akawa mtu, akapita. Kushoto. Wa pili na wa tatu walikuja pamoja, wakisukumana kwa mabega. Kushoto, kushoto. Mtoto mmoja mchungaji, shuka begani, katambuga za matairi miguuni, aliacha mbuzi wake akawafuata hawa wawili kwa kishindo. Moyo wangu wa mwandishi ulianza kupanga aya. Baada ya mita mia mbili hivi dogo alichoka, au alichoshwa, akasimama, akaokota jiwe na kurudi kumtupia beberu aliyekuwa anaingia shamba la mtu. Aya ikafa. Katika kundi zima, kwa kadiri nilivyouliza, hakukuwa na mwenyeji hata mmoja wa Oldonyo Sambu. Wengine walitoka Mbulu, wengine Hanang, wengine Singida. Huku wamekuja kwa sababu ya barabara.

Wa nne ndiye niliyekuja kumwona. Nitamwita askari, maana ndicho alicho: amevaa magwanda kwa zaidi ya miaka kumi. Umri wake ni miaka 34. Alikuja peke yake, mabega yametulia, midomo imefunga, hatua fupi za mtu asiyemdai wala kudaiwa na barabara. Nilibonyeza. Alipita, akageuka, akasimama akiwa ameshika magoti. "Ngapi?" aliuliza. Nikamwambia ngoja kocha afike.

Tulikaa kwenye benchi. Alikunywa maji ya dumu, kisha chai, kisha akala chapati tatu bila kuongea. Nilimuuliza safari yake, akanipa kwa ufupi wa ripoti. Mashindano ya shule za sekondari, UMISETA, pekupeku, mita 5,000. Mkufunzi wa jeshi akamwona, akachukuliwa JKT. Mbio za Nyika za taifa, nafasi ya kumi na kitu, mara nne. Nusu marathoni ya Moshi, hakufika kwenye zawadi. Kisha wakala wa Ulaya, anayekata asilimia 15 kama wengi wao, akamtumia mwaliko: siyo kushinda, kuweka kasi. Kazi yake ilikuwa kukimbia mbele ya wanaotakiwa kushinda, dakika tatu na sekunde tano kila kilomita, hadi kilomita ya 25, kisha kukaa pembeni. "Unalipwa ili usimalize," alisema. Mara ya kwanza alitoka barabarani kama alivyoagizwa, akakaa kwenye ukingo wa njia katika mji asioujua, akiwa na suruali fupi na baridi ya nyuzi 6, akisubiri basi la wanaojitoa. Mara nyingine visa ilikataliwa siku mbili kabla ya safari, nauli ya kwenda Dar na kurudi ikawa ni hasara yake. Ubalozi gani hakusema, nami sikumbana.

Nilimuuliza kwa nini hajaacha. Alitoa simu badala ya kujibu.

Ilikuwa video ya Boston 2025. Simbu yuko kwenye kundi linalomfukuza anayeongoza, na mwisho umekaribia: zimebaki kama kilomita moja na nusu, njia inapita Kenmore Square, na watu wamejaa pande zote wakipiga kelele. Wengi wana kofia na mashati ya timu moja. "Hawa ni akina nani?" askari aliuliza. "Kila mwaka wanakuwa pale pale."

Nikamweleza. Pembeni ya mahali pale kuna uwanja uitwao Fenway Park, wa besiboli, na timu ya Red Sox hucheza asubuhi ya siku ile ile ya marathoni, Jumatatu ya tatu ya Aprili. Mchezo ukiisha, watazamaji wanamiminika barabarani kuwashangilia wakimbiaji ambao bado wanapita. Kwa hiyo Ikangaa mara tatu, kisha Geay, kisha Simbu, wote wamepita pembeni ya uwanja wa mchezo ambao Tanzania huchezwa na shule chache tu, katika mji unaopenda kumtazama mtu mmoja akirusha mpira na mwingine akijaribu kuupiga kwa gongo.

Besiboli ilimvutia kuliko nilivyotarajia, hasa nilipofika kwenye ngazi. Wamarekani wana ligi kuu moja, na chini yake madaraja yenye majina ya herufi: A moja, A ya juu, A mbili, A tatu. Mrusha mpira anaweza kupanda na kuteremka humo miaka kumi, akilala kwenye mabasi, akihamishwa timu kama gunia la mkaa, na asifike juu. Lakini kila daraja lina mshahara. Tangu mwaka 2023 mchezaji wa A tatu hapati chini ya dola 35,800 kwa mwaka. Nikamwambia na habari za jirani zetu: Ben Serunkuma na Umar Male wa Uganda walisajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na David Matoma, naye Mganda, anarusha mpira kwa kasi inayogusa kilomita 160 kwa saa katika timu za chini za Pittsburgh Pirates. Na Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyesajiliwa mwaka 2008, akafika ligi kuu Aprili 2017, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo.

"Miaka tisa," askari alisema. "Na katikati analipwa?"

"Kidogo, lakini ndiyo."

Alitafuna. "Sisi katikati hakuna kitu."

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaoandika kwamba mbio zetu ni zawadi ya milima na damu. Milima ipo tangu Bayi hajazaliwa. Kinachomweka mtu barabarani kati ya umri wa miaka 20 na 33, wakati anamaliza wa saba na wa kumi na mbili, ni mshahara, na nchini kwetu mshahara huo unatoka kwenye magwanda. JKT, JWTZ, Magereza, Polisi: hayo ndiyo madaraja yetu ya herufi. Simbu ni mwanajeshi. Ikangaa aliwahi kuwa na cheo cha meja, na kocha hupenda kutania kwamba Mtanzania alikuwa meja kabla mashindano makubwa ya marathoni hayajaanza kujiita Majors mwaka 2006. Asiye na gwanda hukimbia mpaka nauli iishe, halafu unamkuta anaendesha bodaboda Sakina akiwa na mapafu ya bingwa. Nafasi za magwanda hazitoshi, na mwanamke yule pekee katika kundi la asubuhi ile alikuwa bado anaitafuta yake.

Askari aliirudisha simu mfukoni akaanza kuzitaja nafasi za Simbu moja baada ya nyingine, bila kusoma popote, kama mtu anayetaja watoto wake kwa kuzaliwa. Beijing 2015, wa 12. Rio 2016, wa tano. Mumbai 2017, wa kwanza. London mwaka huo huo, Agosti, shaba ya dunia. Sapporo 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, wa saba. Birmingham 2022, fedha ya Jumuiya ya Madola, nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda. Paris 2024, wa 17. Hapo alisimama kidogo. "Paris watu walisema amekwisha. Hata mimi nilisema."

Kisha Boston, wa pili, saa 2:05:04. Kisha Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, ambayo kila mtu Arusha anakumbuka alikuwa wapi. Wawili wanaingia uwanjani wakifukuzana, Simbu na Amanal Petros, mzaliwa wa Eritrea anayeiwakilisha Ujerumani. Petros yuko mbele hadi mita za mwisho. Wanafika mstari pamoja, Petros anaanguka kifudifudi, na kwa muda hakuna ajuaye. Saa inasema 2:09:48 kwa wote. Picha ndiyo iliyoamua: sehemu 3 kati ya 100 za sekunde. Usiku uliotangulia, fainali ya mita 100 ya wanaume ilikuwa imeamuliwa kwa sehemu 5. Baada ya kilomita 42, tofauti ikawa ndogo kuliko ya watu waliokimbia chini ya sekunde kumi. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, kwa mtu wa miaka 33, miaka kumi baada ya kumaliza wa 12 Beijing.

"Dhahabu ile ni dola 70,000," askari alisema. "Wa pili Boston ni 75,000." Alinitazama kuona kama nimeelewa. Mtu aliyeishi kwa kuweka kasi hujua bei ya kila nafasi.

Wengine walikuwa wameshafika, na mwenzangu dereva alikuwa amewahesabu kwa vidole kwa sababu mimi nilikuwa nimezama kwenye maongezi. Mwanamke alikuja wa saba, mbele ya wanaume wawili, akapita moja kwa moja hadi kwenye dumu bila kumsalimu mtu. Upepo ulianza kuinuka, ule wa saa tatu asubuhi ambao mama alisema haukosi, na vumbi likapita barabarani kama ng'ombe wasio na mchungaji. Bodaboda ya kocha ilifika ya mwisho kabisa. Alishuka, akatoa daftari la shule lenye picha ya twiga, akalamba kidole, akafungua ukurasa.

"Nisomee."

Nilikuwa nimeligundua kosa langu tangu askari alipogeuka kuniuliza. Kidole changu, kwa baridi au kwa hamu ya kumtazama, kilikuwa kimeangukia cha kati. Kioo kilikuwa na sifuri tupu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Wale watatu wa kwanza niliwaokoa kwa sababu nilikuwa nimeandika muda wao mkononi kwa kalamu, ujanja wa mwandishi asiyeamini mashine. Wa nne sikuwa na kitu.

Kocha aliitazama saa, akanitazama mimi, akamtazama askari. Askari alikuwa anafunga kamba za viatu ili atembee kidogo miguu isikakamae.

"Basi," alisema bila kuinua kichwa. "Jumanne si tunarudi?"

Kocha akaandika. Mbele ya majina matatu aliweka tarakimu nilizomsomea kutoka kiganjani. Mbele ya la nne aliandika "kafika", akafunga daftari, akauliza nani amelipia chapati.